Mwalimu wa Chuo

Dar es Salaam
9 Novemba 2024

Mdogo wangu Batuli,

Assalaam alaykum. Natumaini wewe, Baba na Mama hamjambo, na kikohozi cha Mama kimepungua. Mimi ni mzima wa mwili. Wa roho sisemi.

Nakuandikia barua kwa sababu simu ya Baba ukiipiga anaweka sauti ya nje, na jambo hili si la mtaa mzima. Nimempa Brighton, kondakta wa basi la asubuhi, amkabidhi Mama pale kwenye meza yake ya chapati Nangurukuru. Isome peke yako kwanza.

Batuli, uliandika nini kwenye ile fomu?

Unaikumbuka. Fomu ya taarifa za familia, tuliyoijaza barazani mwezi wa tisa, mimi nikifunga begi na wewe ukiandika kwa sababu mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu. Bodaboda alikuwa anapiga honi nje. Nikatia saini bila kusoma.

Jana nimeitwa ofisini. Nilikueleza kwamba programu hii inachukua wanafunzi kumi na sita tu wenye alama za juu, chuo kikuu kizima. Tuna chumba chetu cha kusomea, kila mtu ana msimamizi wake wa utafiti, na kila Alhamisi mmoja wetu anasimama mbele ya wenzake anahojiwa mpaka shati linamganda mgongoni. Sikukueleza kwamba nafasi nne kati ya hizo zimetengwa kwa wanafunzi ambao wazazi wao hawakusoma chuo. Mimi nimeingia kwa mlango huo. Dkt. Marietha, mratibu wetu, akanigeuzia fomu nisome mwenyewe:

"Je, kuna mzazi aliyesoma chuo? Ndiyo. Eleza: Baba amesoma chuo Kivinje na Lindi. Kazi ya baba: Mwalimu mkuu wa chuo."

Mwandiko wako mzuri, kila herufi imesimama wima.

"Hongera," akaniambia. "Baba mkuu wa chuo, na binti amekalia kiti cha mtoto wa mkulima."

Mlango ulikuwa wazi. Frank, mwenzetu ambaye baba yake kweli ni mhadhiri, alikuwa anasubiri nje. Tangu jana ananiita "mtoto wa mkuu". Leo chakulani amenivutia kiti na kuniinamia.

Nimepewa wiki mbili nilete uthibitisho, la sivyo natoka. Batuli, wewe unasoma mpaka karatasi za kufungia maandazi. Hukujua kwamba huku chuo ni kile chenye wahadhiri? Hukufikiri hata kidogo?

Dada yako,
Samia

*

Kilwa Kivinje
15 Novemba 2024

Dada yangu Samia,

Shikamoo. Salamu zako zimefika. Mama kikohozi kimeisha, imebaki kazi ya kukitaja ili asitwishwe ndoo. Baba hajambo, Alhamdulillahi. Mimi nimelia, halafu nikaacha kulia nikakasirika, na sasa sijui nianze na lipi.

Nisamehe. Hilo la kwanza.

La pili: nimeandika uongo gani? Nitajie mtu mmoja hapa Kivinje anayesema kitu kingine. Asubuhi Mama anasema, "Watoto wameshaingia chuo?" Mtu akimtafuta Baba anaambiwa, "Maalim yuko chuoni." Mimi na wewe tumesoma chuo, msahafu mkononi, kabla hatujajua shule ina mlango upande gani. Wametuuliza kwa Kiswahili, tumewajibu kwa Kiswahili. Kama neno lao ni lao peke yao, wangeandika "chuo chetu sisi".

Lakini sikukaa tu. Nimekwenda ofisi ya mtendaji, mwenyewe, mimi ambaye darasani nikiishiwa wino naandika kwa penseli kuliko kumwomba jirani kalamu. Nilisimama mlangoni mpaka mtendaji, Bwana Jafari, akauliza, "Wewe mtoto, umetumwa au umepotea?" Nikamweleza kwamba chuo kikuu wanataka kujua kazi ya Baba. Akasema, "Maalim Abdurahmani ndiye aliyenifundisha mimi. Nitawaandikia barua wataielewa." Amegonga mihuri miwili. Imo ndani ya bahasha hii. Sikuifungua kwa sababu ni ya serikali.

Baba ameniomba nimsomee barua yako, maana unajua herufi hizi za shule hazisomi. Kiswahili chake chote yeye anakiandika kwa herufi za Kiarabu. Nimemsomea salamu. Halafu nikaongeza kwamba unakula vizuri na chumba chenu kina feni mbili. Akasema, "Mbili! Mashaallah." Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kumsomea Baba kitu ambacho hakikuandikwa. Sikupenda.

Mdogo wako,
Batuli

*

Dar es Salaam
27 Novemba 2024

Mdogo wangu Batuli,

Assalaam alaykum. Wasalimie wote.

Unajua Bwana Jafari ameandika nini? "Nathibitisha kuwa Bwana Abdurahmani ni mkazi wangu, ni mwalimu wa chuo tangu mwaka 1994 bila kusita, na ni mtu wa kuheshimika." Mihuri miwili! Dkt. Marietha ameisoma kwa sauti mbele ya jopo la watu watatu, na wote watatu wamecheka.

Usiandike kitu tena. Usimwombe mtu kitu tena. Nimelimaliza mwenyewe palepale na nimebaki kwenye programu. Usiniulize nimelimaliza vipi.

Likizo hii siji, tuna semina.

Dada yako,
Samia

*

Kilwa Kivinje
3 Februari 2025

Kwako Samia,

Nyumbani wazima.

Sasa najua ulilimaliza vipi.

Leo asubuhi mstarini Mwalimu Agnes, ambaye ni mwalimu wa zamu wiki hii, amekuja na kijitabu cha rangi. Kimetoka kwenye programu yenu, mmekisambaza kwenye shule za kusini ili kutuhamasisha. Alikuwa na furaha kweli. Akasema, "Kidato cha Nne sikilizeni, kuna binti wa hapahapa," na akasoma. Nakunukulia, maana nimepewa nakala na nimeikariri bila kutaka:

"Samia Abdurahmani amelelewa na baba asiyejua kusoma wala kuandika, katika nyumba isiyo na kitabu hata kimoja."

Samia. Mstari ule ulikuwa na wanafunzi mia tatu na ushee. Nusu yao wamejifunza kusoma juu ya mkeka wa Baba. Kwanza walitazamana, kama watu walioona mtu anaanguka. Halafu Fauzia, yule tunayekaa naye dawati moja, akasema kwa sauti, "Loh! Kumbe Maalim miaka yote alikuwa anatusomesha kwa kubahatisha?" Wakaangua kicheko mpaka mwisho wa mstari. Mwalimu Agnes hakuelewa wanacheka nini, yeye ni mgeni, ametoka Moshi mwezi uliopita. Akaniita mbele nipigiwe makofi.

Nikaenda. Nikasimama pale. Nikatabasamu, Samia! Mdomo wangu ulitabasamu wenyewe.

Nyumba isiyo na kitabu. Na lile sanduku chini ya kitanda cha Baba ni la nini, la nyanya? Nani anaandika hati za ndoa mtaa huu wote? Wazee wakitaka kuandikisha wasia wanakwenda kwa nani? Ulikaa miaka saba mbele ya yule mtu, akikushika mkono herufi moja baada ya nyingine, na umemwandika hivyo kwenye karatasi inayong'aa.

Baba hajajua. Wanaojua wanaona haya kumwambia. Lakini ile kadi ya mwaliko wa Siku ya Wazazi ya programu yenu imefika, ya tarehe 22 mwezi huu, na mimi ndiye niliyemsomea. Ameshampa Mama kanzu aifue. Amemwomba Ami Hussen wa Mbagala malazi. Anamwambia kila mtu, "Nakwenda kuona chuo cha mwanangu."

Nenda kwa huyo Dkt. Marietha kabla Baba hajapanda basi. Mwambie ulisema uongo. Una siku kumi na tisa.

Batuli

*

Dar es Salaam
8 Februari 2025

Batuli,

Assalaam alaykum. Hata shikamoo umeninyima, na jina la undugu hukutia. Sawa. Mimi nakusalimia hivyohivyo.

Unafikiri ilikuwaje? Unafikiri niliingia nikasema, "Baba yangu mjinga, nipeni nafasi"? Nilianza kwa kueleza. Nikasema chuo kwetu ni madrasa. Mmoja akasema, "Kwa hiyo ni mwalimu, ni msomi." Nikasema hana cheti. Akauliza, "Anafundishaje bila cheti?" Nikaeleza herufi za Kiarabu. Mwingine akatazama saa. Kila nilipoeleza walizidi kununa, na barua ya Bwana Jafari iko mezani na mihuri yake miwili. Mwisho Dkt. Marietha akauliza, "Samia, swali rahisi. Baba yako ukimpa gazeti, anaweza kulisoma?"

Nikasema hapana. Hilo ni kweli, Batuli! Halisomi gazeti.

Akasema, "Oh." Nyuso zote tatu zikalainika kwa mara moja, kama ugali ulioongezwa maji. Na mimi nilipoona zimelainika nikamalizia. "Hajui kusoma wala kuandika." Hakuna aliyeniuliza hilo la pili. Nilijipa mwenyewe. Ilichukua sekunde tatu na nikapigwa bega, nikaambiwa mimi ni jasiri. Hilo la nyumba isiyo na kitabu wameliongeza wao, na sikulikataa.

Sasa unaniambia nikarekebishe. Unajua kanuni ya kwanza ya programu hii? Ukibainika umedanganya kitu chochote, unaondoka, hakuna karipio wala onyo. Utafiti wangu wa magugu ya mikoko, msimamizi wangu, ufunguo wa chumba cha kusomea, kila kitu nilichokipata kwa kulala na vitabu usoni, vinaondoka kwa sababu ya neno moja uliloandika wewe. Wewe! Wewe uko Kidato cha Nne, unakula chapati za Mama, unanifundisha haki.

Mwambie Baba siku hiyo imeahirishwa. Msomee hivyo, kwamba imeahirishwa mpaka baada ya Ramadhani. Baada ya hapo nitajua la kufanya. Unajua kumsomea visivyoandikwa, umeniambia mwenyewe.

Dada yako,
Samia

*

Kilwa Kivinje
13 Februari 2025

Kwako Samia,

Nimemsomea.

Nilitaka kumsomea kwamba imeahirishwa. Nikakaa naye barazani baada ya alasiri, watoto wameshaondoka, barua yako mkononi. Nikafungua mdomo, na neno lile halikutoka. Nikafikiri: mtu huyu anatutegemea macho yetu, na sisi wawili tumeyageuza kuwa mtego. Basi nikaanza juu kabisa, "Batuli, Assalaam alaykum", nikaenda mpaka jina lako chini. Nikachukua na kijitabu nikasoma. Sikuruka kitu. 

Alikuwa anapanga vibao vya watoto ukutani. Aliendelea kuvipanga mpaka mwisho. Halafu akasema, "Soma tena pale pangu."

Nikasoma: asiyejua kusoma wala kuandika.

Akasema, "Hiyo 'wala kuandika' ameiweka ya nini? 'Asiyejua kusoma' ingetosha. Mtu asiyejua kusoma ataandikaje?"

Mimi nikacheka, Samia, nilidhani anatania. Nilipomwangalia nikaona hatanii. Kidevu kilikuwa kinacheza.

Mama alikuwa jikoni na alisikia yote. Alitoka na mwiko akasema, "Ana bahati kuna barabara ndefu kati yangu na yeye." Baba akamwambia, "Rudi na mwiko wako, mama Samia." Akaniuliza kama akienda atakuharibia. Nikasema sijui. Akapanga vibao ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Jana ameniambia, "Nimealikwa kwa kadi. Mtu akialikwa anakwenda." Anapanda basi Ijumaa ijayo.

Kwa hiyo haijaahirishwa. Una siku tisa. Hapo unaposema neno nililoandika mimi: nilichoandika mimi kilikuwa kweli. Endelea kunikasirikia, lakini hilo usilisahau.

Batuli

*

Dar es Salaam
24 Februari 2025

Batuli,

Assalaam alaykum. Baba atakuwa amefika. Najua hatakwambia, kwa hiyo nakwambia mimi. Usimsomee hii, yeye alikuwepo.

Sikwenda kwa Dkt. Marietha. Nilifika mlangoni kwake Jumatano nikarudi. Alhamisi pia.

Jumamosi Baba alikuja na kanzu imenyooka, kofia ya viua, kalamu yake imechomekwa mfukoni kama siku zote. Wazazi walikuwa wanajiandikisha kwenye meza nje ya ukumbi. Aliyekaa pale ni Witness, msichana wa mwaka wa kwanza, mpole, hana ubaya na mtu. Kila mzazi alipewa kalamu, akaandika jina, akatia saini. Baba alipofika Witness akaangalia orodha, akatabasamu, akainama chini ya meza akatoa pedi ya wino ya kugongea mihuri. Alikuwa ameiandaa, Batuli. Alisoma kijitabu akamfikiria mzee wa watu, akaona asimwaibishe kwa kumpa kalamu.

"Baba Samia, karibu sana. Weka dole tu hapa, usihangaike."

Nyuma yetu wamesimama Frank na baba yake.

Baba aliangalia ile pedi. Mkono wake ulikuwa umeshafika mfukoni, kwenye kalamu. Ukasimama hapo. Akanigeukia mimi. Hakuwa na hasira usoni, ningemshukuru angekuwa nayo. Akaniuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza njia, "Kipi, Samia? Cha kulia au cha kushoto?"

Nikasema, "Cha kushoto."

Hayo ndiyo maneno yangu yote. Akakunja mkono wa kanzu ili isichafuke, akaweka dole.

Ndani, Dkt. Marietha alimshika mikono miwili akamsemesha polepole na kwa sauti kubwa, kama kiziwi. Baba akasema, "Ahsante, mama." Wakati wa chakula baba yake Frank alimwuliza anafanya kazi gani. Akasema, "Nafundisha watoto." Mwenzake akauliza, "Unawafundisha nini, mzee wangu?" Baba akamega mkate. "Adabu tu," akasema. "Na wengine haiwaingii."

Walicheka. Mimi nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka hotuba zikaisha.

Alipoondoka alinipa bahasha ya korosho alizopewa na Mama. Akasema nisome kwa bidii.

Samia

*

Kilwa Kivinje
27 Februari 2025

Samia,

Nilikuwa nimeshajua kwamba kuna kitu. Baba alirudi na dole la zambarau. Amelisugua kwa limau, amelisugua kwa mchanga, wino wenu ni mzuri sana, hautoki. Juzi asubuhi mtoto mmoja wa chuo, yule mdogo wa Bi Zuhura asiye na meno ya mbele, akamwuliza mbele ya wenzake wote, "Maalim, umepaka hina?"

Baba akasema, "Ndiyo."

"Hina ya wapi, Maalim?"

"Ya chuo kikuu."

Watoto wakacheka, na yeye akacheka nao, akaingia ndani. Somo la siku hiyo wamelimalizia wakubwa.

Cha kushoto. Nimelisoma neno hilo mara nyingi mpaka limekuwa si neno. Ungeweza kusema, "Tumia kalamu yako, Baba." Ungeweza kutosema kitu na kumwachia achague. Wewe ukamchagulia na kidole.

Nina hasira nyingi mpaka kichwa kinauma. Lakini nimekaa nayo siku mbili hizi nikaona sehemu yake ni yangu. Mimi nilisimama mstarini nikatabasamu. Tofauti yetu ni kwamba wewe ulikuwa na cha kupoteza, mimi sikuwa na chochote, na bado nilinyamaza. Kwa hiyo leo asubuhi nilimfuata Mwalimu Agnes nikamwomba niseme kitu mbele. Alishangaa, alidhani mimi ni bubu kidogo. Nikapanda pale juu. Nikasema:

"Baba yangu anajua kusoma na kuandika. Wengi wenu ni yeye aliyewafundisha, na kile kijitabu ni uongo."

Kisha nikashuka. Fauzia aliniangalia chini mpaka juu akasema, "Batuli! Kumbe una sauti?" Nikamwambia, "Na wewe kumbe una masikio." Sijui lilitoka wapi. Mapumziko amekuja kukaa nami, akaniambia lile la kubahatisha lilimponyoka.

Ilikuwa sentensi mbili, Samia. Mimi zangu nimemaliza.

Batuli

*

Dar es Salaam
14 Machi 2025

Mdogo wangu Batuli,

Assalaam alaykum, na Ramadhani karimu. Natumaini mnafunga salama na Mama haendi Nangurukuru na jua hili.

Nilikwenda Jumatatu. Dkt. Marietha alidhani nimekuja kuomba ruhusa. Nikasema, "Baba yangu anasoma na anaandika. Anafundisha kusoma tangu kabla sijazaliwa. Nilidanganya mbele ya jopo." Akauliza, "Kama anaandika, kwa nini aliweka dole?" Nikamwambia, "Kwa sababu mimi nilimwambia aweke, na alijua mkikuta anaandika nitafukuzwa." Akavua miwani. Nadhani alikasirika, lakini sijui alimkasirikia nani, maana alikichukua kile kijitabu mezani akakigeuza uso chini.

Jopo limekaa jana. Wameniondoa. Shahada naendelea nayo kama wanafunzi wengine, lakini si kwenye programu. Ufunguo nimerudisha leo. Msimamizi wangu amesema utafiti wa mikoko nitaufanya mwaka wa tatu kama utabaki bila mtu. Amesema "kama". Frank amenibebea masanduku mpaka hosteli ya kawaida bila kuniita mtoto wa mkuu, na hilo limeniuma kuliko yote. Kijitabu wamesema watakichapa upya bila mimi. Niliomba wachape wakiwa wamesahihisha, wakasema hakuna nafasi.

Usinipongeze. Sijafanya kitu cha kupongezwa, na bado nina hasira nao, na wewe, na ile fomu. Natembea nayo darasani.

Karatasi ya pili ndani ya bahasha si yako. Ni ya Baba. Nimeiandika kwa herufi zake. Imenichukua siku tatu, nimesahau nyingi, nyingine nimeziandika kama mtoto anayechora kuku. Usimsomee. Atasoma mwenyewe.

Dada yako,
Samia

*

Kilwa Kivinje
19 Machi 2025

Dada yangu Samia,

Shikamoo. Hapa wazima, swaumu inakwenda. Mama haendi Nangurukuru, anauza futari hapa mlangoni na kugombana na kila mtu. Dole limebaki alama kwenye ukucha tu.

Sikupongezi, kama ulivyosema. Nilipofika pale pa ufunguo nililia, hilo nakwambia. Nakuombea huo mwaka wa tatu. Na mimi jana nimejibu swali darasani, la jiografia. Nilikosa.

Karatasi yako nilimpa Baba juzi baada ya adhuhuri. Sikuisoma, ingawa ningeweza, mimi sijasahau herufi. Alikaa nayo barazani mpaka alasiri ikaadhiniwa. Mama alipita mara nne akijifanya anatafuta ungo. Baba alikwenda kuswali, akarudi, akakaa nayo tena.

Halafu akaniomba kalamu nyekundu.

Amekusahihisha, Samia. Nakurudishia karatasi yako humu ndani, utaiona. Amehesabu makosa thelathini na moja. Amezungushia moja moja, na pembeni ameandika inavyotakiwa kuwa, kwa herufi kubwa kama zile alizokuwa anatuandikia kwenye kibao. Pale ulipokosea jina lake amezungushia mara mbili. Nilimwuliza, "Baba, nimwambie nini Dada?" Akasema nisikwambie kitu, ameshaandika chini.

Nimeangalia chini tu, mahali pengine sikuangalia. Ni neno moja, lile alilokuwa anatuandikia kila siku tukiwa wadogo mpaka tunalia:

Rudia.

Mdogo wako,
Batuli